Muddy Waters wa uzeeni: Hard Again, I'm Ready, ile ya laivu au King Bee, uanze na ipi?

Kuna jamaa yangu tunayerushiana miziki, wiki iliyopita kanitumia voisi ya dakika nzima analalamika. Kaambiwa na watu amsikilize Muddy Waters, mkongwe wa blues wa Marekani, zile za miaka ya mwisho, kaingia kwenye app, kakuta albamu nne zinafanana fanana, lebo moja, prodyuza mmoja, nyimbo zingine zinajirudia mpaka majina, sasa ashike ipi? Nikaanza kumjibu kwa meseji, meseji ikawa gazeti, nikaona bora niiandike yote sehemu moja maana najua hayuko peke yake.

Nne zenyewe ni Hard Again ya 1977, I'm Ready ya 1978, Muddy "Mississippi" Waters Live ya 1979 na King Bee ya 1981. Zote zilitoka lebo ya Blue Sky, na zote aliyekaa kwenye kiti cha prodyuza ni Johnny Winter, mpiga gitaa wa Texas ambaye tangu utotoni alikuwa anamhusudu huyu mzee. Sitakwambia ipi kiboko ya zote. Mimi mwenyewe nimeshabadilisha mawazo kama mara tatu hivi na sioni dalili ya kutulia.

Kwa asiyemjua kabisa, haraka haraka. Jina la nyumbani ni McKinley Morganfield, mtu wa Mississippi, mkulima wa mashamba ya pamba aliyehamia Chicago mwaka 1943, akachomeka gitaa kwenye umeme, na kuanzia 1948 akaanza kutoa vitu kwenye kampuni ya rekodi iliyokuja kuitwa Chess ambavyo hadi leo watu wanavirudia. Hiyo ndiyo enzi inayosifiwa zaidi na ni haki yake. Baada ya hapo mambo yakayumba. 1968 wakamtolea albamu ya Electric Mud, magitaa ya kelele za mahipi kila kona, yeye mwenyewe hakuipenda. Oktoba 1969 akapata ajali mbaya ya gari, watu watatu wakafa, yeye akavunjika mbavu na nyonga, na tangu hapo jukwaani mara nyingi utamuona amekaa kwenye stuli. Chess nayo ikawa inakufa taratibu. Kwahiyo anaingia Blue Sky akiwa ameshapita miaka 60, mwili umechoka, soko linamuona ni wa makumbusho. Na hapo ndo akatoa hizi nne. Tatu za kwanza zote zilibeba Grammy, mfululizo, hebu fikiria.

VIGEZO

Nimetumia vitano, na kila albamu nimeipitisha humo humo ili isije ikaonekana nimependelea.

Sauti: mzee anaimba vipi siku hiyo, ana pumzi au anajikongoja.

Gitaa: hiki ndo kikubwa kwangu na watu wanakiruka. Muddy alikuwa na mkono wake wa slaidi, lile bomba fupi la chuma analivaa kidole kidogo analiburuza juu ya nyuzi mpaka gitaa linalia kama mtu. Swali ni je, gitaa unalolisikia ni la kwake au la mtu mwingine?

Watu na chumba: nani wamekaa naye na wamerekodi kwa staili gani.

Nyimbo: ni mpya au ni zile za zamani zimepashwa moto.

Toleo: ya mwanzo kabisa iliyotoka kwenye santuri, au ile iliyorudiwa ikiwa imesafishwa sauti na kuongezewa nyimbo. Kwenye hizi nne tofauti sio ndogo, kuna moja toleo jipya limeigeuza kabisa.

HARD AGAIN (1977)

Sauti. Jamani. Unabonyeza pleyi, unasikia mzee anaanza peke yake "ooooh yeah", nyuma kuna watu wanapiga makelele ya kuitikia, halafu ngoma zinashuka kama mtu kaangusha kabati la nguo kutoka ghorofani. Ndiyo Mannish Boy, wimbo alioutoa mara ya kwanza 1955, ambao mwanaume anajisifu kwamba sasa ni mtu mzima keshapita miaka 21. Sasa mzee wa zaidi ya 60 anaimba hayo hayo na unamwamini! Ukivaa hedifoni sikiliza yule anayepiga yowe nyuma kila mstari, huyo ni Winter mwenyewe, prodyuza, kashindwa kujizuia. Jina la albamu lina utani wa kikubwa ndani yake kuhusu huo muziki ulivyomfanya mzee ajisikie, sitaufafanua hapa, watoto wanaweza kuwa wanasoma.

Gitaa. Hapa ndo pa kusema ukweli. Watu wanamtafuta Muddy mpiga gitaa, wanapewa hii kama zawadi ya kwanza, na kwenye hii mzee gitaa kaliachia karibu lote kwa Winter na Bob Margolin, yeye kakomaa na kuimba. Ile slaidi unayoisikia kwenye I Can't Be Satisfied, tamu kweli, ni ya Winter kwenye gitaa la chuma, anacheza kwa heshima zote namna Muddy alivyocheza 1948. Sio vibaya, ila ujue unamsikia mwanafunzi akisoma mwandiko wa mwalimu mbele ya mwalimu.

Watu na chumba. James Cotton kwenye harmonika, Pinetop Perkins piano, Willie "Big Eyes" Smith ngoma, Charles Calmese besi. Walirekodi Oktoba 1976 huko Westport, Connecticut, kwenye studio ya Dan Hartman iliyokuwa jengo la shule zamani, siku tatu tu kazi imekwisha. Wamepiga wote kwa pamoja humo chumbani, hakuna mambo ya mmoja kurekodi leo mwingine aje kesho abandike sauti yake juu. Na unasikia. Ngoma zina mwangwi wa chumba, mtu akicheka inabaki, na hiyo ndo sababu albamu ina miaka karibu hamsini lakini haijachuja kama nyingi za wakati ule ambazo studio ziliziosha mpaka zikapauka.

Nyimbo. Mchanganyiko. Za zamani zipo, mpya zipo, Bus Driver inakwenda zaidi ya dakika saba na haichoshi, na kuna ule anaosema blues ilizaa mtoto wakamwita rock and roll, ambao kwa mimi ndo jibu fupi kuliko yote kwa mtu anayeuliza blues ina uhusiano gani na mavurugu ya magitaa ya wazungu.

Toleo. Ya mwanzo nyimbo 9. Iliyorudiwa 2004 kwenye CD ina 10, imeongezwa Walking Through the Park. Nyongeza nzuri, ila hata usipokuwa nayo hulali njaa. Kama umeiona santuri ya zamani mahali kwa bei ya kibinadamu na haina mikwaruzo, chukua tu, hupotezi kitu.

Inamfaa nani: mtu anayetaka kupigwa na kitu usoni dakika ya kwanza. Na mtu wa rock anayeona blues ni muziki wa kusinzia.

I'M READY (1978)

Hii huwa inaishi kwenye kivuli cha ile ya kwanza na nadhani inaonewa. Ukiisikiliza mara tu baada ya Hard Again inaonekana imepoa. Isikilize siku nyingine peke yake uone.

Sauti. Katulia zaidi, anaongea na wewe badala ya kukufokea. Pumzi ipo. Kuna sehemu kwenye Screamin' and Cryin' anavuta neno mpaka unahisi anakutazama usoni.

Gitaa. Kalishika. Sio kila mahali ila kalishika, na jambo kubwa zaidi ni nani kakaa pembeni yake. Jimmy Rogers! Huyu ndiye mpiga gitaa wake wa bendi ya kwanza kule Chicago mwisho wa miaka ya 40 na mwanzoni mwa 50, wale wawili ndo waliotengeneza ile namna ya magitaa mawili kusukana, mmoja anashuka chini kwenye besi mwingine anajibu juu, hakuna anayempanda mwenzake kichwani. Mtu aliyekulia kwenye muziki wetu wa dansi, anayejua solo na ridhim zinavyopishana mlangoni bila kugongana, hii ataielewa bila mwalimu. Miaka ilikuwa imepita tangu waachane kibendi, na bado wanaongea kama waliagana jana jioni.

Watu na chumba. Studio ile ile ya Westport. Mbali na Rogers kaletwa Big Walter Horton kwenye harmonika, naye ni wa enzi zile, na Jerry Portnoy kijana wa bendi pia yumo, kwahiyo ni harmonika mbili. Margolin safari hii kahamia zaidi kwenye besi. Pinetop na Willie Smith wapo kama kawa. Matokeo ni kwamba kelele zimepungua na nafasi imeongezeka, vyombo vinapumua. Anayependa fujo ataona kama kaibiwa. Anayependa kusikia mkono wa kila mtu atafurahi.

Nyimbo. Hapa ndo kuna za zamani za jina kubwa, I'm Ready na Hoochie Coochie Man, tungo za Willie Dixon, ambazo Muddy alizitoa 1954, na Rock Me. Ukishazijua za Chess unaweza ukajiuliza za nini kurudia. Jibu langu ni kwamba za Chess ni za kijana anayetafuta jina mjini na hizi ni za mtu ambaye jina keshalipata, yaani maneno yale yale lakini tishio limegeuka kuwa kumbukumbu. Kama wewe sio mtu wa kulinganisha matoleo, basi kigezo hiki ndo kitakachokuangusha kwenye albamu hii.

Toleo. Sasa hapa iliyorudiwa 2004 ina kazi ya kweli. Ya mwanzo nyimbo 9, mpya 12. Kati ya hizo tatu kuna That's Alright, wimbo wa Jimmy Rogers mwenyewe alioutoa 1950, na mimi kwa kweli naona ndo unaikamilisha ile hadithi ya wakongwe kukutana, kuiacha nje ya santuri ilikuwa ni nafasi ya upande wa B tu ndo ilibana nadhani. Ila ushauri, mara ya kwanza isikilize mpaka Good Morning Little School Girl halafu zima, hapo ndo albamu ilikuwa inaishia. Nyongeza zile kesho.

Inamfaa nani: anayejifunza gitaa, hasa yule anayetaka kujua kupiga chini ya mwimbaji bila kumfunika. Na wazee wa kusikiliza usiku taa zimezimwa.

MUDDY "MISSISSIPPI" WATERS LIVE (1979)

Hapa itabidi nianze na toleo kwanza, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Ya mwanzo ni santuri moja ya nyimbo saba tu, zimechanganywa kutoka maonyesho mawili tofauti, ukumbi wa Masonic Auditorium kule Detroit Machi 1977, ambako Winter na Cotton walikuwa kwenye msafara pamoja naye, na klabu ndogo ya Harry Hope's huko Cary, Illinois, Agosti 1978. Halafu 2003 wakaitoa upya diski mbili: ya kwanza ni zile saba, ya pili ni nyimbo 11 za Harry Hope's ambazo hazikuwahi kutoka. Jumla 18. Kwahiyo sio suala la nyongeza moja mbili, ni albamu nzima ya pili imetoka kabatini.

Na hapa nilipigwa. Miaka ya nyuma niliagiza CD yake kwa muuzaji fulani wa mitandaoni, picha kaweka ya diski mbili, maelezo kaandika diski mbili, nikasubiri wiki sita, ikaja bahasha nyembamba, nikaifungua pale pale posta nimesimama, diski moja, nyimbo saba. Nilivyomwandikia kanijibu "ni albamu ile ile kaka". Sio ile ile! Ndio maana nakwambia usisome jalada, hesabu nyimbo. Saba ni ya zamani, kumi na nane ni ya 2003.

Sauti. Jukwaani mzee ni mtu mwingine. Anacheza na watu, anakatisha mstari anawaacha wamalizie, ananong'ona, halafu ghafla anabweka. Pumzi kuna sehemu zinakatika, na yeye anazitumia hizo hizo kukatika kama sehemu ya wimbo.

Gitaa. Kama ulikuja kumtafuta mpiga gitaa, umefika. She's Nineteen Years Old, nenda moja kwa moja huko. Ana gitaa lake jekundu la umeme, aina ya Telecaster, anaimba mstari, ananyamaza, halafu slaidi inaingia, noti moja. Moja tu. Anaikandamiza, inatetemeka, inapanda kidogo juu ya pale ilipotakiwa kufika na inaning'inia hapo mpaka unataka kumwambia bana ishushe, ndipo anaishusha. Watu ukumbini wanapiga kelele sio kwa sababu kapiga haraka, hakuna haraka yoyote pale, vijana wengi wa gitaa wanaweza wakapiga noti arobaini kwenye nafasi ile, ni kwa sababu kaacha. Nimejaribu kulitafuta hilo kwenye gitaa langu mwaka mzima na ninachopata ni mlio wa bawaba ya mlango mkavu. Kwenye za studio za miaka hii hulipati kwa ukaribu huu.

Watu na chumba. Kwenye za Harry Hope's unaisikia bendi yake ya kila siku, ile ya barabarani, Luther "Guitar Junior" Johnson na Margolin kwenye magitaa, Portnoy, Pinetop, Calvin Jones besi, Willie Smith. Watu wanaolala hoteli pamoja na kula pamoja, wanajua bosi akigeuza bega inamaanisha nini. Klabu yenyewe ndogo, unasikia glasi na watu. Za Detroit ni ukumbi mkubwa, fujo zaidi. Kwenye santuri ya nyimbo saba hizi mbili zimeshonwa na mshono wake mimi nausikia, hewa inabadilika. Diski ya pili haina tatizo hilo.

Nyimbo. Diski ya kwanza Mannish Boy tena (ndiyo, tena), Baby Please Don't Go, Deep Down in Florida imevutwa ndefu. Diski ya pili ina Trouble No More, Kansas City, Pinetop anapewa nafasi yake, na Got My Mojo Workin'. Kuna pia Champagne and Reefer, ambayo mzee anasema shampeni na bangi zinamtosha, unga hapana, miaka mitatu kabla haijatoka kwenye King Bee. Nyimbo ngeni ni chache. Kama ulishachoka na Mannish Boy basi ujue hii nayo inaanza nayo.

Inamfaa nani: mtu wa gitaa, nukta. Na mtu asiyependa studio, anayetaka kuona mzee alikuwa anawafanya nini watu. Haimfai anayesikiliza kwenye spika ya simu akiwa kwenye daladala, utapoteza nusu yake, kunyamaza kwa mzee kutafunikwa na konda.

KING BEE (1981)

Ya mwisho, na ya kwanza kati ya hizi nne kukosa Grammy. Wengi wanaipiga teke, na sababu zao sio za kubuni.

Watu na chumba ndo hadithi. Wamerudi Westport Mei 1980, prodyuza yule yule, bendi ile ya barabarani. Ila safari hii kulikuwa na ugomvi wa pesa kati ya wanamuziki na menejimenti, hewa imechafuka, na muda si mrefu bendi karibu yote ikaondoka. Pinetop, Portnoy, Jones na Willie Smith wakaenda kuanzisha Legendary Blues Band yao. Winter akajikuta vitu vya kutosha albamu nzima hana, ikabidi ajazie na mabaki ya rekodi za nyuma. Kwahiyo ukihisi kama kuna nyimbo zimetoka nyumba nyingine, masikio yako hayajakudanganya.

Sauti. Imepungua ukubwa, huo ndo ukweli. Ila kuna kitu kimeingia mahali pake. Kwenye Sad Sad Day hasukumi tena, anaweka maneno chini moja moja kama mtu anayeshusha mzigo mgongoni taratibu asiumie. Siku hizi narudi kwenye hiyo kuliko Mannish Boy, labda ni umri wangu.

Gitaa. Lipo kidogo, wenzake wamebeba zaidi. Usije hapa kwa ajili ya hilo.

Nyimbo. Kuna wimbo wenyewe wa I'm a King Bee wa Slim Harpo wa 1957, mzee anajiita nyuki mfalme, utani ule ule wa Mannish Boy ila sasa wa mtu anayejua msimu unaisha. Kuna I Feel Like Going Home, ambao ulikuwa upande wa pili wa santuri yake ya 1948, ile ile yenye I Can't Be Satisfied. Deep Down in Florida inarudi kwa mara ya tatu katika albamu nne, hapo hata mimi nilisema hapana sasa.

Toleo. Ya mwanzo 10, ya 2004 ni 12, na nyongeza zake ni I Won't Go On na Clouds in My Heart. Kwa albamu iliyojazwa viraka tangu mwanzo, kuongezewa viraka viwili hakuiharibii umbo. Mimi naiona ya 2004 ndo bora hapa kwa sababu inakufanya uisikilize kama daftari la kazi za mwisho, sio kama albamu iliyokamilika ikashindwa.

Alifariki usingizini tarehe 30 Aprili 1983. Alipanda jukwaani mara ya mwisho mwaka mmoja kabla, kule Florida, kuimba wimbo mmoja kwenye shoo ya Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza.

Inamfaa nani: anayezijua tayari tatu za mwanzo. Ukianza na hii utajiuliza watu walikuwa wanasifia nini. Ukimalizia na hii utakaa kimya kidogo.

NENO LA MATOLEO KWA UJUMLA

Kwenye app za kusikilizia mara nyingi utakutana na zile zilizorudiwa, na hakuna anayekwambia wimbo upi ni wa asili na upi umeongezwa, zimepangwa tu mkia mmoja. Tumia hesabu: Hard Again 9 au 10, I'm Ready 9 au 12, ya laivu 7 au 18, King Bee 10 au 12. Ukijua hiyo hakuna muuzaji wa kukuzungusha. Kuhusu sauti, hizi za 2003 na 2004 zimesafishwa bila kuzipigisha kelele za ajabu, na Margolin aliyekuwa humo chumbani alishiriki kwenye kuzirudisha, kwahiyo hofu ya kwamba wameziharibu mimi sina. Santuri za zamani zina uzito wao kwenye ngoma za Willie Smith hasa Hard Again, ila ukipata iliyochoka utasikia mikwaruzo kuliko slaidi, na kwenye ya laivu ambako kunyamaza ni nusu ya muziki, mkwaruzo ni dhambi.

SASA KWA HALI YAKO

Kama una pesa au muda wa albamu moja tu na hujawahi kumsikia mzee: Hard Again, toleo lolote, usijisumbue.

Kama wewe ni mpiga gitaa: ya laivu ya nyimbo 18, halafu I'm Ready ya 2004 kwa ajili ya Jimmy Rogers. Hard Again ije ya tatu, na ukiisikiliza kumbuka mkono ni wa nani.

Kama una zile za Chess nyumbani na unaogopa kununua vitu viwili viwili: anza na diski ya pili ya laivu, na Sad Sad Day. Kwa I'm Ready sikiliza kwanza Hoochie Coochie Man tu, ukiona ni marudio basi iache kwa sasa.

Kama unanunua kumpa baba au babu mwenye santuri pleya yake: I'm Ready. Hard Again itamshtua, na laivu ya nyimbo 18 ni ya 2003, ukiona santuri ya zamani ujue ni zile saba.

Kama umepitia msiba au mwaka umekuwa mgumu tu: King Bee, usiku, lakini sio ya kwanza.

Jamaa yangu yeye anapiga gitaa la solo kwenye bendi ya kanisani, kwahiyo nilimtumia She's Nineteen Years Old ya laivu tu, bila maelezo. Kanijibu kwa voisi nyingine, safari hii ya dakika mbili, nusu yake ni yeye anajaribu kuiga ile noti moja kwa mdomo.